Mti wa Mchangani na Mbuzi wa Faini

Ninyi vijana mnaoshika mpira wa maji kila asubuhi mkadhani ndiyo kutunza bustani, leo nina ugomvi nanyi. Msinune. Nilifanya kazi katika kitalu cha mji hapa Mwanza tangu nikiwa msichana mpaka siku nilipoondolewa, na mimea mingi niliyoing'oa ikiwa imekufa haikufa kwa kiu. Iliuawa kwa maji, na mara nyingi aliyeiua alikuwa anaipenda kweli.

Sisi watu wa ziwani tuna ugonjwa huo. Ukigeuka huku unayaona maji, ukigeuka kule unayaona, basi tunaona ni dhambi kumnyima mtu au mti. Palikuwa na mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ana wajukuu wanaomheshimu, aliyepangiwa kumwagilia maua ya katikati ya mji, Nyamagana. Siku moja mvua inanyesha ya kufa mtu, sisi tumejibanza kibarazani, tukamwona na koti lake la mvua, keni mkononi, anamwagilia. Tukamwita, "Wewe, una akili timamu?" Akajibu bila kugeuka, "Mvua siyo mwajiri wangu. Msimamizi akipita akakuta simwagilii, mvua itanitetea?" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Maua yake yalioza yote, na tukaambiwa tuoteshe mengine.

Lakini si hilo linalonikera. Linalonikera ni habari ya mti mmoja, na nikiikumbuka mpaka leo chakula hakishuki vizuri.

Mti wenyewe hapa mjini wengi hawaujui. Unaota kwenye tambarare za mchanga ukishaipita Misungwi, ardhi ambayo sisi Wasukuma tunaiita luseni, mchanga mweupe usioshika maji hata ukiulazimisha. Ni mti mfupi, haumpiti mtu mzima kwa kimo, na shina lake limevimba chini kama mguu wa mtu mwenye matende. Masika hauna la kukuonyesha. Kiangazi kikikaza, nyasi zimekauka na ng'ombe wamekonda, ndipo unapoangusha majani yote na kutoa maua mekundu kwenye matawi matupu. Wauza maua wa siku hizi wana mti wanaouita waridi la jangwa. Huenda ni ndugu yake, mimi sikusomea ukoo wa miti. Kitaluni tuliuita mti wa mchangani. Utomvu wake ni sumu, ndiyo maana mbuzi hawaugusi, na ukikuingia mkononi usithubutu kupikicha jicho.

Haukuwa mwingi. Hata zamani, ukiuona mmoja unatembea sana kabla ya kuuona wa pili, isipokuwa mahali pamoja tu ambapo ilisimama mingi kwa pamoja. Mahali hapo nitapafikia.

Aliyenifundisha mti huo alikuwa Mzee Bwire, Mjita kutoka upande wa Mara, mkubwa wetu pale kitaluni. Mfupi, mweusi, mkali, na kofia yake ilikuwa imepoteza rangi hata mwenyewe hakukumbuka ilinunuliwa ikiwa ya rangi gani. Nilipoanza kazi alinipa mbegu za mti huo niziatike. Mimi, kwa bidii ya mgeni, nikajaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kwa mboji nyeusi na samadi ya ng'ombe, nikamwagilia mpaka maji yakachuruzika, nikasimama pembeni nikisubiri sifa. Mzee Bwire akaja, akainama, akapindua viriba vyote chini, kimoja baada ya kingine. Nilitamani kulia. Alipomaliza akajifuta mikono.

"Binti, huyu ni mtoto wa maskini. Umempa pilau siku ya kwanza. Tumbo litamuua."

Basi sikilizeni alivyonifundisha, maana hamtaambiwa na mwingine. Chukua mchanga mzito, uchekeche. Changanya na vumbi la mkaa, samadi iache ilipo. Kiriba kitobolewe matundu mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Mwagilia, kisha usimwagilie tena mpaka ukinyanyue kiriba kwa mkono. Kikiwa kizito, kaa mbali nacho. Kikiwa chepesi kama kimejaa pamba, hapo ndipo umpe. Ukitaka kuupanda kwa tawi, tawi lisiende mchangani siku ulipolikata. Liache kivulini mpaka kidonda kifunge na kuwa kikavu kama gaga. Kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye maji, umeshazika. Na mbegu zenyewe usisubiri uziokote chini. Zina manyoya, ganda likipasuka upepo unazibeba zote, kwa hiyo ganda hufungwa uzi likiwa bado limefumba.

Nilimwuliza, "Sasa mzee, mche huu utatoa maua lini?"

"Una haraka ya kwenda wapi?" akaniuliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake. Alitaka mji uwe na miti ya mchangani iliyoota kwa mbegu, ili asiwepo mtu wa kwenda kuing'oa kule ilikozaliwa. Alikuwa na tuta lake la miche pembeni kabisa ya kitalu, chini ya kichanja, na ole wake aliyesogeza keni huko. Miche ilikua taratibu, ikaumuka mashina, ikamfanya atembee kwa majivuno kama mwenye ng'ombe wengi.

Kisha ikaja ruksa. Ninyi mlizaliwa mkaikuta, mnadhani dunia ilikuwa hivyo siku zote. Soko likafunguliwa. Sikatai, tulipata sabuni, tulipata nguo za mitumba, tuliacha kupanga foleni ya sukari. Lakini kwa wengine ruksa ilikuwa ruksa ya kuchukua chochote ambacho mwenyewe hana gari. Viwanja vya wazi vikawekewa uzio. Maofisini kazi ikawa kukisia nani atapunguzwa. Kila asubuhi tulipeana mikono kama watu wanaosafiri.

Akatokea tajiri mmoja. Nitamwita Bwana Pamba, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wanunuzi walioingia vijijini na mizani zao baada ya soko kufunguliwa. Pamba ikamnyookea, akajenga hoteli ufukweni, ghorofa nyeupe inayotazama ziwa. Katika safari zake za kiangazi alikuwa ameyaona yale maua mekundu, na moyo ukamshika. Akayataka yote kwenye bustani ya hoteli kabla ya ufunguzi. Afisa wetu wa bustani, kijana aliyekuwa na suti moja nzuri na hofu nyingi, akamwambia hakuna tabu.

Pale mahali nilipowaahidi ni ngitili ya Mama Holo. Ngitili ni eneo la malisho ambalo ukoo au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, nyasi zikue, lifunguliwe kiangazi kikiwa kimebana, ndama na ng'ombe wagonjwa waingie kwanza. Likiwa limefungwa haingii mnyama, haliingii jembe wala panga, haingii mtu. Anayeingia anatozwa faini na wazee, na Mama Holo alikuwa mjane wa mwenye ngitili hiyo na sauti yake ilisikilizwa na wazee hao. Kwa kuwa hapakufyekwa wala kulimwa tangu enzi za babu yao, ile miti ilijikalia humo kwa raha.

Siku moja lori likaingia kitaluni. Nilipochungulia ndani nilishika kichwa. Miti ya mchangani imerundikwa kama kuni, mizizi imekatwa kwa panga, utomvu unadondoka. Mingine ilikuwa na umri mkubwa kuliko Mzee Bwire. Vibarua wa tajiri walikwenda asubuhi na mapema, wakakuta wanaume wako mnadani, wakamwambia Mama Holo ni amri ya serikali.

Mzee Bwire akamfuata afisa. "Mheshimiwa, nakuomba. Tuilaze kivulini vidonda vikauke. Nipe muda tu."

"Ufunguzi ni Jumamosi, mzee."

"Basi waalike watu kwenye mazishi."

"Mzee Bwire, usiniletee uchuro. Pandeni."

Tukapanda. Kule hotelini walikuwa wameshamwaga udongo mweusi wa mbugani na samadi tele, kama wanataka kuvuna mahindi. Mfereji wa maji ulikuwa umevutwa kutoka ziwani, na kijana wa bustani amepewa maagizo: asubuhi na jioni. Nikajaribu kumweleza. Akanitazama kwa huruma kama mtu anayeambiwa amnyime mgonjwa uji.

Sasa lisikieni lililoniumiza. Siku ya ufunguzi miti yote ilikuwa imechanua. Yote! Myekundu kweli kweli, bila jani hata moja, na ziwa nyuma yake linang'aa. Wageni wakapiga makofi. Bwana Pamba akasimama katikati akatandaza mikono, "Waliniambia haihamishiki. Mnaona?" Afisa wetu akacheka kuliko wote. Mimi nikamgeukia Mzee Bwire nikidhani labda sisi ndio wajinga.

"Mti unakula akiba yake," akaniambia polepole. "Chakula kimo shinani. Hata ukiung'oa ukautupa juu ya bati utachanua. Bonyeza chini."

Nikajifanya naokota kitu, nikabonyeza shina karibu na udongo. Kidole kikazama. Nilipokinusa nilisikia harufu ya muhogo uliovundikwa. Juu maua, chini uozo, na watu wanapiga picha. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, nikaenda kunawa mikono ziwani.

Haukupita muda majina ya wanaopunguzwa yakasomwa, na la Mzee Bwire lilikuwa la kwanza. Hakupewa hata siku ya kuaga. Kitalu chenyewe nacho kikamegwa upande ule wa kichanja, wakamwaga kifusi cha kuegeshea magari, na tuta lake likafukiwa na miche yote hai. Nilikwenda kumwambia kwake. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya, kisha akasema kama anaongea na kisu, "Mngeniambia tu niihamishe. Nisingewaomba hata toroli." Wajukuu, watu husema yaliyopita si ndwele. Mimi kwangu hiyo ni ndwele mpaka kesho.

Maua ya hotelini yakaanza kuanguka, mti mmoja mmoja ukalala chini kama mlevi. Bwana Pamba hakushtuka. Alisema kule porini ipo mingine. Afisa akaniita, akaniambia nitapanda gari niende nao nikawaonyeshe ya kuchagua, kwa kuwa sasa mtaalamu wa mti huo nimebaki mimi. Akashusha sauti, "Bi Minza, mambo ya kupunguzwa hayajaisha. Kuwa na busara." Nilikuwa na watoto watatu na chumba cha kupanga Nyakato. Nikapanda gari.

Ngitili ilikuwa bado imefungwa, nyasi zimefika kiunoni, za manjano. Dereva akapita palepale uzio wa miiba ulipobomolewa mara ya kwanza, tukashuka watatu ndani yake, tajiri, afisa na mimi, yeye akabaki kwenye usukani. Tukakuta mashimo. Mchanga ulikuwa umeanza kuporomokea ndani, na ndama mmoja aliyepenya hapo uzio ulipobomoka alikuwa ametumbukia akavunjika mguu, wenyeji wakamchinja. Miti iliyobaki ilikuwa imesimama upande wa mbali, imechanua.

Mama Holo akatufuata. Mwembamba, mrefu, kaniki begani. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayo." Akaitikia, akatutazama mmoja mmoja.

Bwana Pamba akaanza kwa upole. "Shikamoo mama. Tumekuja kwa wema. Ile ya kwanza imestawi vizuri sana, inachanua, wageni wanatoka mbali kuja kuiona. Hii iliyobaki huku inateseka tu na jua. Kule itatunzwa, itakunywa maji kila siku."

"Imestawi?" akauliza Mama Holo.

"Muulize mtaalamu wa halmashauri huyu."

Mama Holo akanigeukia. Afisa naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yanasema mambo yote aliyoniambia ofisini. Nisiwadanganye, nilifikiria watoto wangu. Nilifikiria pia kwamba nikisema "ndiyo, mama," mapanga yataingia, na baada ya hapo mti huu utabaki hadithi. Hapakuwa na ngitili nyingine yenye miti hiyo. Tuta la Mzee Bwire lilikuwa chini ya matairi ya magari.

"Wewe mwanangu," Mama Holo akasema, "miti yetu iko hai?"

"Ilichanua, mama," nikamjibu. "Lakini imeoza yote. Hata mmoja haukushika. Na hii mkiitoa itaoza hivyo hivyo."

Bwana Pamba akaniita jina ambalo silitamki. Mama Holo akarudi nyuma hatua chache, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano, lile yowe la hatari la Kisukuma. Nyumba ya kwanza ikaupokea, na ya pili, na ya tatu, mpaka ukawa unatoka kila upande. Kabla hamjauliza, ndiyo, niliogopa hata mimi. Wanaume wakaanza kutokeza na fimbo. Tajiri na afisa wakaruka ndani ya gari, na gari likaondoka na mlango mmoja ukiwa wazi. Mimi wakaniacha pale pale. Nilirudi Misungwi kwa miguu nikitafuta usafiri wa kunifikisha mjini, na kesho yake mlinzi wa geti akaniambia ameagizwa asinifungulie.

Nilijifariji kwamba angalau miti imepona, na kule kijijini wananisifu. Kumbe! Siku moja sokoni mama anayeniuzia viazi, ambaye kwao ni huko huko, akaniambia, "Bi Minza, wazee wa ngitili wanakuita. Una kesi."

"Kesi ya nini?"

"Mliingia ngitili imefungwa. Watu watatu. Kila mmoja mbuzi wake."

Jamani, nilipandwa na hasira! Viazi nikaviacha. Mimi niliyepoteza kazi kwa ajili ya miti yao, nitozwe mimi? Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima nikiwaeleza majirani, na majirani wakanikubalia kwamba wale ni washenzi. Hata hivyo usingizi haukuja vizuri. Mwishowe nikamfungua mbuzi wangu wa pekee niliyemfuga nyuma ya nyumba, nikampandisha kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, nikaenda. Nilikwenda kugombana nao, mbuzi nilimchukua ikiwa nitashindwa.

Wazee walikuwa wameketi kwenye vigoda uani kwa Mama Holo. Nikaeleza yote, nilivyosema kweli mbele ya tajiri, nilivyofukuzwa, watoto wangu wanavyokula kwa shida. Walinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha mkubwa wao akaniuliza, "Uliingia, hukuingia?"

"Niliingia, lakini mimi ndiye niliyewaokolea..."

"Tumesikia, na tunakushukuru. Uliingia?"

"Niliingia."

"Basi."

Nilimtazama Mama Holo anitetee. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hata mume wangu aliwahi kutozwa, na ngitili ni yake. Tukianza kusamehe wenye sababu nzuri, kila mtu ana sababu nzuri."

Hapo ndipo nilipoacha kubishana. Mjini nilikotoka kila kitu kilikuwa kinaulizwa ni cha nani, anamjua nani, amekuja na gari gani. Kwa hiyo kila kitu kiliondoka, bustani, kitalu, Mzee Bwire. Pale mchangani hakuna aliyeuliza, na miti ilikuwa bado imesimama. Hasira yangu haikuisha, lakini ilihama. Ilitoka kwa wale wazee ikaenda kwa wenzangu wawili ambao hawakutokea wala kuleta mbuzi wao.

Mbuzi akachinjwa, tukala pamoja, nikapewa kipande cha ini kama mgeni wa heshima. Nikaambiwa kesi yangu imeisha, na nikitaka kuingia ngitili siku yoyote niombe tu, sitakataliwa. Nimeomba mara nyingi tangu hapo. Nimepewa mbegu, nimeotesha, nimegawa, na ninyi mkitaka kujifunza njooni, lakini keni ziacheni nyumbani.

Bwana Pamba siku hizi ni mzee kama mimi. Anachangia harusi, anakaa viti vya mbele kwenye misiba, magazeti yanamwita mdau wa mazingira. Hupita barabara ya kando ya ngitili kwa gari lenye vioo vyeusi, asisimame. Mama Holo alishafariki, na wale wazee karibu wote. Wanaochunga kando ya barabara sasa ni wajukuu zao, ambao siku lori lile lilipokuja hawakuwa wamezaliwa. Gari likishapita, vumbi likiwa bado halijatulia, utawasikia wanaambiana, "Yule bado."